Urefu wa Kamba

Tumewahi maji. Bahari ikijaa, mtumbwi kutoka kisiwa cha Chole hupenya kwenye mikoko na kutushusha hapa kisiwani Juani, karibu kabisa na Kua. Maji yakipwa, wajukuu zangu, mngevua viatu na kukanyaga tope. Haya, pandeni huku juu, na angalieni mnapoweka mguu. Mizizi ya miti imezikumbatia kuta hizi tangu kabla babu yenu hajazaliwa.

Huu ni mji. Najua mnaona mawe na vichaka, lakini ule ukuta mrefu ni wa jumba kubwa lililokuwa na ghorofa, ile ni misikiti, na yale ni makaburi. Waliujenga kwa matumbawe na chokaa, wakaishi humu kwa mamia ya miaka, mpaka mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walipovuka bahari kwa mitumbwi kutoka Madagaska, wakauteka na kuwachukua watu utumwani. Waliosalia hawakuujenga tena.

Lakini leo siwasimulii vita. Leo tunafunga ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe ni wa kufikirika, kwa hiyo hapigi teke wala hatawachafulia viatu. Ni jike wa kienyeji, ana nundu mabegani na doa jeupe usoni, na jina lake, kwa kuwa mmeshalipiga kelele wote pamoja, ni Kidoti. Tumfunge pale kwenye nyasi kando ya jumba. Si msikitini na si makaburini, tuna adabu zetu. Kigongomeeni kigingi. Kamba tunayo, ya makumbi ya nazi: yamefukiwa matopeni pwani kwa miezi, yakafukuliwa, yakapigwa, yakasokotwa. Urefu wake wazee wangeuita pima nne, yaani mikono ikinyooshwa kulia na kushoto mara nne. Sasa nani anapima? Wewe mdogo, nyoosha mikono. Mmeona? Pima yake ni kama nusu ya yangu. Tukiuziana kamba hapa tutagombana kabla ya adhuhuri.

Ndiyo maana watu wa pwani hawakuachia kila kitu mikono na miguu ya mtu. Nafaka ilipimwa kwa kibaba, na vibaba vinne vikafanya pishi moja, na muuzaji aliyekuja sokoni na kibaba chenye kitako kinene alijulikana upesi. Mnaosoma chuoni mnajua kuna sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Jambo hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Lakini tuiache pima, tuseme kamba yetu ina mita 7, na mita ni ileile hapa na mjini Kilindoni.

Swali la kwanza: Kidoti anakula nyasi? Mmesema ndiyo. Swali la pili: yuko huru?

Nilijua mtagawanyika.

Kabla hamjagombana, yupo wa darasa la saba hapa? Nipe eneo la duara ambalo Kidoti anaweza kulifikia. 22 gawanya kwa 7, mara 7, mara 7 tena. Mita za mraba 154. Sasa ongeza kamba iwe mita 14. Wengi watakisia kwamba nyasi zimekuwa mara mbili, kwa sababu kamba imekuwa mara mbili. Fanya hesabu: 616. Zimekuwa mara nne! Hizo mita 7 za ziada ni kazi ya jioni chache kwa msokota kamba, na kwa ng'ombe ni tofauti kati ya shibe na njaa. Ng'ombe wa kienyeji mwenye kilo 250 anahitaji kwa siku nyasi mbichi kama sehemu ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 25 hivi, mzigo ambao nyinyi wawili mngeubeba kwa zamu. Na udongo wa Juani ni mwembamba, umekalia jiwe la matumbawe kama blanketi la mtoto kwenye kitanda cha mtu mzima. Kwa kamba fupi, siku ya kwanza Kidoti atakula vizuri. Siku ya pili atakula vijiti. Siku ya tatu atalikodolea macho jani lililo shibiri moja nje ya duara lake.

Ukimuuliza mwenye ng'ombe siku hiyo ya tatu, atakuapia kwamba ng'ombe wake halishwi kitu kingine ila nyasi. Na hajasema uongo. Chakula cha Kidoti ni nyasi asilimia mia, na Kidoti ana njaa.

Wekeni hilo kichwani, tutalirudia. Sasa niwaletee ng'ombe wa pili.

Huyu anaishi ng'ambo, upande wa Tanga. Ni ng'ombe wa kisasa, damu yake imechanganywa na mbegu za Ulaya, na maziwa yake kwa siku moja Kidoti angehitaji siku kadhaa kuyafikisha. Yeye hafungwi kamba. Yuko bandani mwaka mzima, na chakula kinamfuata horini: mabingobingo yaliyokatwa asubuhi, pumba kidogo, mashudu kidogo. Wafugaji wadogo wa Tanga wamejenga maisha kwa ng'ombe kama huyu. Walianzisha vyama vyao vya ushirika, maziwa yao yakawa na kiwanda, na ukiyakuta dukani yamefungwa vizuri kwenye pakiti, ujue yametoka kwenye mabanda mengi ya nyuma ya nyumba, ng'ombe wawili hapa, watatu pale.

Msikimbilie kusema kwamba huyo mwenye banda ni katili. Nje kuna kupe wa masikio, mdogo, wa rangi ya kahawia, anayebeba ndigana kali. Ng'ombe wa kienyeji aliyezoea anaweza kuistahimili. Wa kisasa akichungwa ovyo anaweza kufa katika wiki chache, na pamoja naye ikafa ada ya shule ya mtoto. Na jua letu nalo linamtesa mnyama ambaye mababu zake walizoea baridi. Kwa hiyo mkulima anakata nyasi na kuzileta, naye ng'ombe anakaa kivulini, safi, bila kupe, akiutazama ulimwengu kupitia fito za banda.

Ng'ombe wa tatu ndiye mnayemtaka nyote: hana kamba, hana banda, anakwenda apendako. Na mimi nilimtaka. Nilikuwa na miaka kama kumi. Ng'ombe wetu alifungwa chini ya mnazi, akawa ananitazama kwa yale macho yao, nikamwonea huruma, nikafungua fundo, nikaenda zangu kucheza. Alikwenda moja kwa moja kwenye shamba la muhogo la jirani. Muhogo mchungu una sumu, na ng'ombe hajui kuuloweka wala kuuanika kama tunavyofanya sisi. Tulimkuta amelala ubavu, povu mdomoni. Watu wazima walikesha naye, na sikuambiwa neno hata moja usiku ule, jambo lililonitisha kuliko fimbo. Alfajiri alisimama. Mimi nikapelekwa kwa jirani kupanda upya pingili za muhogo, safu kwa safu, mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Kwa hiyo tunao watatu. Wa kamba anakula nyasi, na anaweza kuwa na njaa. Wa banda ameshiba, na hajawahi kukimbia. Wa kuzurura ana uhuru wote, pamoja na uhuru wa kufa kwa muhogo wa jirani. Yupi kati yao anatoa maziwa ya "ng'ombe wa malisho, aliye huru"? Mtu wa matangazo atakwambia wote watatu, inategemea ni yupi anayemlipa.

Sasa kaeni. Hapa kwenye kivuli, wewe sogea, usikalie ukuta. Kuna hadithi ya Kua ambayo nisipoisimulia mtaniandama mpaka nyumbani. Wazee wanasema watu wa Kua na watu wa Kisimani, kule kisiwa kikubwa cha Mafia, walifanyiana ukatili mmoja mbaya kuhusu jahazi jipya na watoto, sehemu hiyo nitaiacha, wadogo wapo. Kisha, baada ya miaka mingi ya kujifanya wamesahau, watu wa Kua wakawaalika wale wa Kisimani kwenye harusi. Wageni wakakaribishwa chumba cha chini, chakula tele, ngoma juu. Na mwashi akauziba mlango.

Mimi ninapoisikia hadithi hiyo siwafikirii wauaji. Namfikiria mgeni wa mwisho kuingia, anayetabasamu, aliyevaa kanzu ya sikukuu. Aliingia chumba asichokijua kwa sababu aliamini neno la mwenyeji. Alitaka neno litoshe, kama sisi sote.

Zamani maziwa hayakuhitaji neno. Uliyanunua kwa jirani, na jirani ulimjua, na ng'ombe wake ulimpita kila siku ukienda kisimani. Uliiona kamba. Ulijua kama kibuyu kimefukizwa vizuri na kama mkamaji amenawa mikono. Kulikuwa na jicho, basi. Lakini maziwa yakishavuka bahari, yakaingia pakiti, yakakaa dukani mji ambao ng'ombe hajawahi kuuona, jicho halifiki. Mnunuzi anabaki na picha ya ng'ombe mnene kwenye majani ya kijani na maneno machache matamu chini yake. Anaalikwa chumba asichokiona. Kiwango ni hatua anayoichukua mgeni mwerevu kabla ya kuingia: anasema, karamu yenu naipenda, ila nionyesheni mlango uko wapi, una upana gani, na ufunguo anao nani.

Kwa maziwa yenyewe, ufunguo huo tunao. Nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana kiwango kimoja cha maziwa mabichi ya ng'ombe. Kinadai mafuta yasipungue asilimia 3.25, na yabisi nyingine, yaani protini, sukari ya maziwa na madini, zisipungue asilimia 8.5. Sehemu kubwa inayobaki ni maji, ambayo ng'ombe mwenyewe ameyatia. Mwingine akiongeza ya kisimani, atakamatwa na kipimo kinachoelea, kijiti cha kioo chenye tumbo zito ambacho wapokeaji wa maziwa hukitumbukiza kwenye chombo. Maziwa ni mazito kuliko maji, kwa hiyo kipimo huelea juu kidogo. Yakitiwa maji, kipimo kinazama kupita mstari wake, na muuzaji anaanza kukumbuka shughuli za haraka mahali pengine. Halafu kuna kujaribu kwa spiriti: maziwa kidogo, spiriti kiasi hichohicho, tikisa. Yakikatika, yameanza kuchacha, yarudi nyumbani yakawe mtindi.

Hivyo vyote vinapima maziwa. Hakuna kimoja kinachojua urefu wa kamba. Unaweza kuwa na maziwa yenye mafuta kamili, safi kabisa, yaliyotoka kwa ng'ombe ambaye hajakanyaga jani tangu azaliwe.

Mtaniuliza, je, maziwa hayawezi kujisemea yenyewe? Kidogo yanaweza, na hapa inabidi tuingie tumboni mwa Kidoti. Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne, na kile kikubwa ni kama pipa la kuchachushia. Nyasi anazimeza harakaharaka, kisha hulala kivulini, anazicheua, anazitafuna upya kwa saa nyingi, huku akionekana kama mzee anayetafakari mirathi. Kazi halisi inafanywa na vijidudu vidogo mno visivyohesabika ndani ya pipa lile. Vyenyewe ndivyo vinavyoweza kuvunja nyasi. Kidoti anaishi kwa jasho lao. Vinapenda majani. Ukivimwagia nafaka nyingi kwa ghafla, tumbo linakuwa kali kama ndimu, na ng'ombe anaugua. Nafaka kidogo si sumu, na ng'ombe wa banda wa Tanga hangetoa maziwa yale bila pumba yake. Ila tumbo la ng'ombe liliumbwa kwa majani, kama jahazi lilivyoundwa kwa upepo: unaweza kulitia mashine, lakini umbo lake linakwambia asili yake.

Sasa, nyasi mbichi zina rangi ya manjano iliyojificha chini ya kijani, ndugu wa rangi ya karoti. Ng'ombe huihamisha rangi hiyo kwenye mafuta ya maziwa. Ndiyo maana samli ya mvua za masika, nyasi zikiwa changa, huwa ya manjano kuliko samli ya kiangazi, na mama zenu hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Mafuta ya maziwa ya nyasi yana pia kiasi kikubwa zaidi cha omega-3, mafuta ya ukoo wa yale ambayo watu wa visiwa vya Jibondo na Juani wanayapata bure kwenye samaki. Lakini msiitegemee rangi mkawa mahakimu. Mbuzi hula majani yaleyale na maziwa yake yana mafuta meupe, kwa sababu mwili wake huigeuza ile rangi yote kuwa vitamini A. Ng'ombe wa ukoo huu hutoa samli ya manjano kuliko wa ukoo ule. Na rangi, kama mjuavyo, huuzwa dukani kwenye vichupa.

Kwa hiyo watu waliotaka kumuuzia mnunuzi wa mbali maisha ya ng'ombe, si maziwa yake tu, ilibidi waandike ahadi zenye namba. Mwaka 1964 mwanamke mmoja wa Uingereza, Ruth Harrison, alichapisha kitabu kuhusu wanyama waliofungiwa kama vipuri vya mashine. Serikali yao ikaunda kamati, na mwaka 1965 kamati ikasema mnyama awe angalau na nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujilamba na kunyoosha viungo. Hebu someni tena orodha hiyo kichwani. Kugeuka! Ilibidi watu wazima waliosoma waandike kwamba mnyama aweze kugeuka. Kidoti na kamba yake ya mita 7 angewacheka. Kwetu Tanzania ilitungwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008.

Kisha zikaja namba za malisho. Waholanzi wana nembo ya maziwa ya machungani: ng'ombe awe nje angalau siku 120 kwa mwaka, saa 6 kwa siku. Wamarekani, katika sheria yao ya maziwa ya kilimo hai, wanadai tangu 2010 siku zisizopungua 120 za malisho, na katika msimu wa malisho ng'ombe apate humo machungani angalau asilimia 30 ya chakula chake, kikihesabiwa baada ya kuondolewa maji. Uingereza ilianzishwa nembo iitwayo Pasture Promise, maana yake ahadi ya malisho, nayo iliweka siku 180, mchana na usiku. Mmesikia neno walilolichagua? Ahadi. Nembo nyingine hukohuko, Pasture for Life, haikubali nafaka kabisa.

Na ahadi hufa pia. Idara ya kilimo ya Marekani iliandika mwaka 2007 maana ya mnyama "aliyelishwa nyasi", kwa ajili ya wauza nyama. Januari 2016 ikaiondoa. Nyasi zikaendelea kuota, maneno yakaendelea kuandikwa kwenye pakiti, ila rula moja ya wote haikuwepo tena, kila mwenye nembo akabaki na ya kwake.

Wewe uliyenyoosha mkono, sema. "Babu, siku 120 tu? Zilizobaki ng'ombe anakaa wapi?" Hilo ndilo nililokuwa nalisubiri. Anakaa ndani, mjukuu wangu, kwa sababu nje kuna baridi. Namba 120 ni jibu la swali la baridi. Mtu akiileta Mafia na kuibandika ukutani, kila ng'ombe wa visiwa hivi ameshinda kabla mashindano hayajaanza, hata yule anayelamba jiwe kwenye duara lake, maana yuko nje siku 365. Tungempa nembo, na njaa yake ingebaki palepale.

Kila mahali pana maswali yake. Tukikaa hapa Kua kuandika kiwango cha Kidoti, tungeanza na kamba. Ina urefu gani, na kigingi kinahamishwa mara ngapi kwa siku? Mimi ningesema asubuhi na alasiri, na nisingekubali kupunguziwa. Halafu kivuli, maana Waholanzi hawakukiandika kwenye namba zao lakini hapa saa saba mchana ni ukatili kumfunga mnyama juani. Kivuli chenyewe nacho si cha mnazi uliobeba, kwa sababu ambayo kila mtoto wa Mafia anaijua kabla hajajua kusoma. Halafu maji. Ng'ombe wa maziwa hunywa madumu mawili ya lita 20 kwa siku, na zaidi akiwa na maziwa mengi, na kwenye visiwa vya mawe kama hivi kila dumu ni safari ya mtu kichwani. Mwenye kuandika kiwango cha maji kwa ng'ombe lazima aandike pia ni nani atakayeyateka.

Halafu kiangazi. Kaskazi ikivuma na nyasi zikawa kama ufagio, Kidoti ale nini? Hapo mashudu na pumba ni huruma, na anayevikataza kwa sababu ya nembo anamlinda nani? Halafu kupe, na halafu mbung'o, kwa maana madaktari wa mifugo wamewakuta Mafia, na mbung'o hao huleta ugonjwa wa nagana. Wenzetu wa Unguja waliwamaliza wa kwao: madume ya mbung'o yalizalishwa Tanga, yakahasiwa kwa mionzi, yakamwagwa kutoka kwenye ndege kwa mamilioni, majike yakapandwa bila kupata uzao, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o tena. Ng'ombe wa Unguja walipata uhuru wa kula nyasi vichakani bila kuugua, na sidhani kama kuna nembo yoyote ya maziwa iliyowahi kuuhesabu.

Dawa nazo. Ng'ombe akidungwa sindano ya kuua vijidudu, maziwa yake hayauzwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Hiyo ndiyo kanuni ngumu kuliko zote, kwa sababu maziwa ya siku hizo yanafanana kabisa na ya siku nyingine, na mtoto nyumbani anahitaji daftari.

Nani ataangalia? Hapo ndipo viwango vingi huvunjika. Mkaguzi kutoka mbali anataka nauli, malazi na ada, na mwenye ng'ombe wawili hana hata nauli yake mwenyewe. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilizindua kiwango cha pamoja cha mazao ya kilimo hai, na nembo yake ikapewa jina la Kiswahili kitupu: Kilimohai. Kinagusa mimea na mifugo. Kinachonifurahisha zaidi ni njia moja ambayo wakulima wadogo wanaweza kuitumia kuipata nembo hiyo: badala ya kumsubiri mkaguzi wa mbali, wanajiunga kikundi na kukaguana wao kwa wao. Leo tunakwenda kwako, kesho tunakuja kwangu, tunaangalia, tunaandika, tunatia saini. Wanaodhani kwamba majirani watafichiana hawajaishi kijijini. Jirani yangu niliyemharibia muhogo alikuwa akijua ng'ombe wetu amelala saa ngapi, amekunywa mara ngapi, na nani alifungua fundo. Alijua kabla mimi sijarudi kutoka kucheza.

Lile jicho la zamani limepewa kalamu. Kuna siku litasinzia, kuna siku litakonyeza, ndiyo maana saini inakuwa zaidi ya moja. Ila ninyi mkija kuwa wafugaji, au wauza maziwa, au wale wanaochora ng'ombe wanene kwenye pakiti, ningependa mkumbuke kuuliza kwanza kamba.

Mafia kipo kijiji kinaitwa Ng'ombeni, jina lisilohitaji mkalimani, na ukipita kwenye mashamba ya minazi ya kisiwa kile kikubwa utawaona wenyewe chini ya minazi, wakifyeka nyasi kwa meno ili nazi zikianguka zionekane. Mwenye shamba anapata shamba safi, mchungaji anapata malisho, ng'ombe anapata kivuli kinachotembea. Kwa hesabu zangu huyo ndiye anayekaribia zaidi kile mlichokitaka, ilimradi asisimame chini ya kichala kilichokomaa na awepo mtoto wa kumrudisha akiinusa harufu ya muhogo. Kazi ya huyo mtoto haimo kwenye kiwango chochote nilichowatajia, na bila yeye vyote ni karatasi.

Haya, maji yanaanza kutoka, nahodha ameshatuita mara mbili. Mkusanye maganda yenu ya machungwa. Mnakwenda wapi? Jua limegeuka, kile kivuli mlichomfungia Kidoti asubuhi kimehamia upande wa pili wa ukuta, na ninyi mnataka kupanda mtumbwi. Rudini wawili. Ng'oeni kigingi, kipelekeni kule penye nyasi mbichi, na wewe mwenye pima ndogo, achia kamba yote.